Figo ya Mdogo Wangu, Mkaja wa Mama

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa darasa la sita kwamba figo ziko mgongoni, chini ya mbavu, mbili, moja kila upande. Yangu inayofanya kazi iko mbele, chini upande wa kulia, karibu na nyonga. Nikiweka kiganja naihisi, ngumu kidogo, chini ya kovu. Zile mbili nilizozaliwa nazo hazikutolewa. Zimebaki huko nyuma, zimesinyaa, hazina kazi.

Nilipomuuliza daktari mbona hawakuzitoa, alisema kuzitoa ni kumpasua mtu mara ya pili bila sababu.

"Kwa hiyo sasa ninazo tatu?"

"Unazo tatu, mwalimu. Ila inayokwenda kazini ni moja."

Nilimpenda tangu siku hiyo. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mpasuaji, na tofauti na wenzake hakuchoka na maswali. Nami ni mtu wa maswali, nimekuwa hivyo tangu utotoni. Mama aliwahi kunichapa kwa sababu nilimuuliza mchungaji, mbele ya waumini, maji ya ubatizo hubadilishwa kila baada ya watu wangapi. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini hawasemi kwamba wanaoulizwa hukasirika.

Basi maradhi yaliponikuta, shinikizo la damu kwanza, kisha figo, kisha miezi kumi na minne ya kulazwa kwenye kiti mara tatu kwa wiki nikisafishwa damu, niliyapokea kwa hofu na udadisi vikiwa pamoja. Nilitaka kujua ile mashine inafanyaje. Nilitaka kujua damu ikitoka ina joto gani na ikirudi ina joto gani. Wauguzi walinipa jina, lakini halikuwa baya.

Figo niliyonayo ilikuwa ya mdogo wangu. Yeye ana bucha Bunju, mie naishi Tegeta, na kila alfajiri huwa machinjioni Vingunguti kuchagua nyama yake mwenyewe, kwa sababu haamini macho ya mtu mwingine. Siku niliyomwambia kwamba madaktari wanatafuta ndugu wa kutoa figo, alikuwa anakata mbavu. Hakuweka shoka chini.

"Wanatoa ya kulia au ya kushoto?"

"Sijui. Mara nyingi ya kushoto, nasikia."

"Basi sawa," akasema, na akaendelea kukata.

Nilingoja aulize jingine, hakuuliza. Nilikasirika kidogo. Mtu akikubali jambo kubwa hivyo bila maswali, mie huona kama hajalielewa. Baadaye nikagundua kwamba alilielewa kuliko mimi. Amezishika figo maelfu kwa mikono yake. Alijua ni kitu kinachotoka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walituingiza vyumba viwili jirani, yeye akitangulia. Nilipozinduka jambo la kwanza niliulizia mkojo, na muuguzi akanionyesha mfuko ulioning'inia kitandani. Ulikuwa umejaa. Sikuwa nimekojoa kwa zaidi ya mwaka, na nililia kwa furaha mbele ya mfuko wa mkojo, sioni aibu kusema. Mdogo wangu aliletwa kwenye kiti cha magurudumu siku ya tatu, ameshika ubavu, akautazama ule mfuko, akasema, "Mashine inapiga kazi, sista."

Nilipotoka hospitali walinipa masharti mengi. Dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo, asubuhi na jioni, saa ileile, maisha yote. Kunywa maji. Kupima mkojo wote kwa jagi lenye vipimo na kuandika kwenye daftari. Na wakaniambia mambo matatu ya kupiga simu haraka nikiyaona: homa, uvimbe karibu na kidonda, mkojo kupungua. Hayo matatu niliyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari.

Nyumbani nikamkuta mama amekwisha kufika kutoka Moshi. Alikuja na ndizi za mtori mkungu mzima, na sanduku. Ndani ya sanduku alikuwa na mkaja, kile kitambaa kirefu cha kumfunga mama mzazi tumbo baada ya kujifungua. Kilikuwa kilekile alichonifungia nilipojifungua wanangu wote wawili.

"Shikamoo mama," nikasema. "Huo mkaja wa nini? Sikuzaa."

"Marahaba. Umepasuliwa tumbo, hukupasuliwa?"

"Nimepasuliwa."

"Umetoka hospitali na kiumbe kipya, hukutoka nacho?"

Hapo nikacheka mpaka kidonda kikauma. Mama hakucheka. Kwake mambo yalikuwa wazi: mwanamke aliyepasuliwa tumbo ni mzazi, na mzazi hukaa ndani siku arobaini, hunywa mtori, hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni ili damu chafu itoke, kisha hufungwa mkaja ili tumbo lirudi mahali pake. Jambo pekee lililomsumbua lilikuwa nani hasa kati yetu ni mzazi. Mimi niliyeingizwa kitu, au mdogo wangu aliyetolewa? Alilijadili na majirani kwa siku mbili, na mwishowe akaamua kwa haki ya mama, kwamba atatukanda wote. Mdogo wangu alikandwa mara moja. Siku ya pili alisema anakwenda dukani kununua vocha, akalala kwake Bunju.

Mimi nilibaki. Majirani walikuja na sabuni na unga wa uji kama desturi ya kumwona mzazi, na mmoja aliuliza mtoto yuko wapi kabla hajakanyagwa mguu na mwenzake. Nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi sana. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na mama yangu ananikanda kwa taulo la moto, taratibu, akizunguka kidonda bila kukigusa, akiimba sauti ya chini. Zile wiki tatu za kwanza mikono yake ilikuwa dawa tamu kuliko zote nilizomeza.

Daktari hakuniambia nisikandwe. Hakuniambia kwa sababu hakuna ambaye angelifikiria hilo. Nami, ninayeuliza kila kitu, sikumuuliza.

Wiki ya nne mama aligusa mahali fulani chini ya kovu akasema, "Hapa pamekuwa pagumu." Nikagusa. Palikuwa pamejaa, pamevimba kama mkate ulioanza kuumuka. Mama akasema ni damu chafu imekusanyika, ndiyo hiyo aliyokuwa anaingoja. Akazidisha maji ya moto. Akakaza mkaja. Mkaja ukikazwa uvimbe haukuonekana, na kisichoonekana ni rahisi kukisahau.

Daftari langu lilikuwa linasema jambo jingine. Mkojo ulishuka siku ya kwanza, ukashuka ya pili. Nikaandika pembeni: joto, nimetoka jasho. Siku ya nne nikaandika: nimelala sana. Siku ya sita: nimekunywa maji kidogo. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, na kila maelezo ni ya uongo. Jalada lenye wino mwekundu lilikuwa palepale, nikilifunua kila asubuhi. Nilijua kusoma. Sikutaka kumwambia mama kwamba mikono yake inakosea, wala sikutaka kumwambia mdogo wangu kwamba figo yake ina mashaka. Kila aliponipigia simu aliuliza neno moja, "Unakojoa?" nami nikajibu, "Nakojoa." Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nimeifundisha, nimeitungia mtihani.

Nikahesabu siku nane hivyo.

Jumapili yake mdogo wangu alikuja. Nilikuwa nimemwagiza kitu kabla ya mambo kuharibika, kwa sababu ya swali lililonikaa kichwani: mrija unaotoa mkojo kwenye figo unafananaje, na waliushonaje kwenye kibofu changu? Nilimwomba aniletee figo yenye mrija wake. Alisema haiwezekani kuipata sokoni, kwa sababu wateja hawataki mrija, hukatwa pamoja na mafuta na kutupwa. Ilibidi asimame mwenyewe pembeni ya mchunaji. Aliniletea ya mbuzi.

"Ya ng'ombe ina mapande mapande, haifanani na ya mtu," akasema. "Hii ndiyo ndugu ya hiyo yako."

Hakuniruhusu kuigusa kwa mkono mtupu, akijua kinga yangu imeshushwa na dawa. Nikavaa glovu mbili, moja juu ya nyingine. Aliilaza kwenye sahani mezani, akaipasua kwa kisu kwa urefu, na tukachungulia wote, hata mama. Ndani mlikuwa na weupe katikati, mfano wa bakuli dogo, na kutoka hapo mrija mwembamba ukishuka, mwembamba kuliko nilivyodhani, kama utambi wa taa.

"Hapa ndipo mkojo unapita?" nikauliza. "Wote hapa padogo?"

"Hapo tu. Ukibana hapa..." Akaubana mrija kwa vidole viwili. "Ukibana hapa, huku juu kunajaa, figo inavimba, inakufa. Nimeziona za hivyo. Mbuzi mwenye jiwe."

Nilisimama kwenda kuchota maji. Mguu wangu wa kulia haukuingia kwenye kandambili. Niliuburuta tu, nikitumaini haoni kitu. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kutazama nyama hana likizo ya macho.

"Dada. Rudi hapa."

"Nini tena?"

"Rudi ukae."

Akapiga goti, akabonyeza kidole gumba chake juu ya mfupa wa mguu wangu, akahesabu kimoyomoyo, akakiondoa. Kishimo kilibaki. Akabonyeza mguu wa kushoto, hakikubaki.

"Huu mguu una maji. Mie nyama yenye maji naijua. Tumbo je?"

Nikavuta kanga juu ya mkaja. Alimtazama mama, mama akatazama sahani.

"Mzazi hatoki kabla ya arobaini," mama akasema, sauti ikiwa imepungua. "Bado siku sita. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Huyu amesikia la mkuu, mama, na guu limevimba," akajibu mdogo wangu, na tayari alikuwa anatafuta funguo za gari alilokodi kubebea nyama. Nilikwenda hospitali kwenye kiti cha mbele cha gari lenye harufu ya bucha, mama katikati yetu, foleni ya Barabara ya Bagamoyo ikitusukuma hatua kwa hatua.

Daktari wangu aliitwa kutoka kwake. Aliufungua mkaja bila kuuliza ni nini, kana kwamba anaufahamu, kisha akanipaka ute baridi na kuweka kile kidude cha altrasaundi tumboni. Kwenye kioo niliiona figo. Ilikuwa ya kijivu na nzuri. Na kando yake palikuwa na weusi mkubwa uliokuwa umeilalia.

"Ni nini ule weusi?"

"Maji."

"Mkojo? Mrija umevuja?"

"Inawezekana. Au ni majimaji ya mwili, yale yanayopita kwenye mishipa midogo inayokatwa tunapoandaa mahali pa kuiweka figo. Wakati mwingine ile mishipa inaendelea kuvuja, yanakusanyika."

"Mtajuaje ni yapi?"

"Tutayavuta kwa sindano, tuyapime. Mkojo una uchafu ambao figo imeutoa. Yakiwa na uchafu mwingi kuliko damu yako, ni mkojo. Yakilingana na damu, si mkojo."

Hata hapo, nikiwa nimelala pale kwa hofu, nilifurahia jibu lile. Lilikuwa na akili. Yakavutwa, yakapimwa, hayakuwa mkojo. Yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya rangi iliyokosa majani, nayo ndiyo yaliyokuwa yameubana mrija, kama vile vidole viwili vya mdogo wangu, na kuubana mshipa wa mguu.

Nikamvuta daktari kwa mkono mama alipotoka nje. Nikamweleza kila kitu, maji ya moto, mkaja, siku nane, daftari.

"Nimeiua?"

"Hujaiua. Kukanda hakukuleta maji, yangekuja hata ungekaa kimya. Lakini zile siku nane figo imekaa imebanwa. Tuone kama itaamka."

Yale maji yalirudi baada ya wiki mbili, na safari hii hawakuyavuta kwa sindano. Walinirudisha chumba cha upasuaji, wakapitia matundu madogo, wakakata dirisha kutoka kwenye kile kifuko cha maji kwenda ndani ya tumbo, ili kila yanapotoka yamwagike humo na utando wa tumbo uyanywe wenyewe. Nilimwambia mpasuaji arudie maelezo mara mbili kwa jinsi yalivyokuwa mazuri. Mwili wangu unajinywesha maji yake mpaka leo, nami sihisi chochote.

Figo iliamka. Haikuamka yote. Kipimo cha damu, kile cha uchafu ambao figo haijautoa, kilishuka, kikasimama juu kidogo ya pale kilipokuwa mwanzo, na hakikushuka tena.

Mama hakuambiwa na mtu yale niliyomweleza daktari. Daktari alimwamkia tu kwa heshima, akasema, "Mama, kuanzia leo hakuna kukanda wala kufunga." Mama akaitikia. Aliuchukua mkaja kwenye kiti, akaukunja mara nne, akautia kwenye mkoba, na wiki iliyofuata akarudi Moshi. Kila akipiga simu hunikumbusha dawa, dakika kumi kabla ya saa. Hajawahi kukosea hata siku moja.

Nimeishi na figo hiyo mwaka wa saba sasa. Nimerudi kufundisha, nimemwoza binti, nimegombana na mwenyekiti wa mtaa juu ya mtaro. Na muda wote huo nimebeba swali moja ambalo nimewauliza madaktari watatu: zile siku nane zilipunguza miaka mingapi? Wa kwanza alisema nisifikirie hayo. Wa pili akanipa karatasi nisome. Mpasuaji wangu pekee ndiye aliyenijibu. Alisema kuna figo zilizoanza kwa matatizo makubwa kuliko yangu zikadumu, na kuna zilizoanza vizuri zikachoka mapema, kwa sababu ya dawa zenyewe, au shinikizo, au mwili kuikataa polepole bila kelele. "Siwezi kukuambia ndiyo, mwalimu, siwezi kukuambia hapana. Hakuna anayejua." Ni jibu gumu kwa mtu kama mimi, lakini ni la kweli.

Mwaka huu kipimo kimeanza kupanda. Kidogo kidogo, kila mwezi. Wakachukua kinyama kwa sindano, wakakitazama kwa hadubini, wakakuta makovu. Figo inazeeka. Inaweza kunibeba miaka kadhaa, inaweza isinibebe sana. Baada ya hapo ni mashine, au kutafuta mtu mwingine wa kutoa.

Safari hii sikuficha. Nilitoka kliniki nikaenda moja kwa moja Bunju. Njia nzima nilikuwa natayarisha utetezi: hizi hapa dawa zangu, sijaruka hata dozi moja, haya hapa maandishi ya vipimo vya shinikizo, chumvi niliacha, tarehe zote ninazo. Nilijua ataniuliza nimeifanya nini figo yake. Ningekuwa mimi, ningeuliza.

Nilimkuta anasugua gogo la kukatia nyama. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza akisugua, kisha akaacha kusugua.

"Kwa hiyo watataka nyingine," akasema.

"Siku moja. Si leo."

Akajifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena ingawa ilikuwa imekauka. "Sasa mie nimebaki na moja, dada."

Nilidhani ananikumbusha alichotoa. Nikafungua mkoba nimwonyeshe daftari. Ndipo nikaona midomo yake inatetemeka, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, mwenye mikono inayobeba paja la ng'ombe.

"Nimebaki na moja," akarudia. "Nitakupa nini?"

Niliweka daftari juu ya mizani. Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nami nikakaa sakafuni pembeni yake, sakafu yenyewe imelowa. Mteja akasimama dirishani akataka nusu kilo ya steki. Nikamwambia bucha imefungwa.